Tunadai Doti Moja ya Sebule



Leo tumekuja na ugomvi. Hatugombani na mtu, tunagombana na chumba: kile chumba cha nyumba zetu kilichopambwa kuliko vyote na kinachokaliwa kidogo kuliko vyote. Mnakijua. Ni sebule.

Sisi ni dada wawili, kazi yetu kushona. Tuna duka letu hapa Unguja na riziki yetu kubwa inatokana na maharusi. Tunashona nguo za bibi harusi, za mama zake na za wifi zake. Kwa hiyo kila wiki tunamsikia binti mmoja akisema maneno yaleyale wakati tepu iko kiunoni mwake: "Dada, usikifuate hicho kipimo. Kata ndogo, mimi nitapungua."

Nasi tunamuuliza: "Utapungua wapi, bibi harusi?"

Hucheka, akidhani tunamuuliza tumbo au mikono. Hatuulizi kiungo, tunauliza mahali. Katika nyumba yenu, mazoezi utayafanyia wapi?

Hapo kicheko hukatika. Mmoja alituambia anafanya kati ya kitanda na kabati, akinyoosha mkono anagonga mlango wa kabati. Mwengine anafanya stoo, pembeni ya gunia la mchele na mkaa, taa yenyewe imeungua. Mwengine jikoni, watu wakishalala, huku mafuta ya chapati yameganda sakafuni. Wa nne anafanya chooni. Ndiyo, chooni, kwa sababu ndio mlango pekee wa nyumba unaofungika kwa ndani bila mtu kuuliza.

Baada ya siku nne wote huacha. Na wakiacha, watu wa nyumbani husema: mvivu huyu, hana msimamo. Mwenyewe naye hujisema hivyohivyo, na siku ya kujaribu nguo analia mbele yetu kana kwamba katenda kosa.

Sisi tunasema si uvivu. Mpeni mtu yeyote chumba cha joto, giza, harufu ya mkaa na nafasi ya kusimama mguu mmoja, kisha mwambieni aende huko kila siku kwa furaha. Hata huyo mwanamme anayekwenda jimu angeacha. Mahali pabaya humfukuza mtu, na mahali pazuri humwita. Wanawake wa visiwa hivi tunalijua hilo, ndiyo maana tukitaka wageni waje tunafukiza udi na kutandika. Mbona sisi wenyewe hatujitandikii?

Sebule ya mama yetu

Tunasema kwa uchungu kwa sababu lilitufika nyumbani.

Mama yetu ana sukari. Miaka michache nyuma daktari alimwambia yale ambayo wengi wenu mmeyasikia na mama zenu: punguza wali na vitu vitamu, meza dawa kwa wakati, na utembee kama nusu saa kila siku. Kutembea barabarani hakutaka. Mtaa wetu una vijana mabarazani kuanzia alasiri hadi usiku, na yeye ni mtu mzima wa kuona haya. Akaamua kutembea uwani. Uwa wetu ni mdogo, una tangi la maji, kamba ya nguo, karo ya kufulia na sakafu ya saruji iliyolainika kwa miaka. Akawa anazunguka pale baada ya sala ya alfajiri, tasbihi mkononi, akikwepa ndoo.

Na sebule? Ilikuwa imefungwa, ufunguo uko kwenye pindo la kanga yake mwenyewe. Mle ndani mna sofa la watu saba lenye nailoni za dukani mpaka leo, zulia, meza ya kioo, kabati la vyombo ambavyo havijawahi kutiwa mchuzi, na feni mbili.

Asubuhi moja karo ilikuwa imefurika. Akateleza, akaangukia mkono, kifundo kikavunjika. Alikaa na plasta wiki sita.

Sasa sikilizeni kilichotuuma. Siku ileile sebule ilifunguliwa. Ilifunguliwa kwa ajili ya watu waliokuja kumpa pole! Wao walikaa juu ya sofa, chini ya feni, wakinywa juisi ya ukwaju, na yeye kalala chumba cha nyuma mkono umefungwa.

Wageni walipoondoka tukakaa tukahesabu. Katika mwaka ule mzima, sebule ile ilikaliwa Idi mbili, posa moja, hitima moja, na hiyo pole ya mkono. Siku sita haziji, katika siku 365. Siku nyingine zote zulia lilikuwa linapumzika, na mwenye zulia anazunguka karo.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumeigeuza: mgeni njoo, mwenyeji ateleze.

Hatumlaumu mama, maana na sisi tulikuwa walewale. Tunashinda juu ya charahani tangu asubuhi, mgongo umepinda, miguu imevimba, na tulipoona migongo inauma tukachanga pesa tukanunua baiskeli ya mazoezi ya mtumba. Tukaiweka wapi? Stoo ya duka, nyuma ya marobota ya vitambaa. Tuliipanda mara tatu. Baada ya hapo ikawa ya kutundikia madera yanayosubiri vifungo. Pesa ilipotea si kwa sababu baiskeli ilikuwa mbovu. Tuliitia pahala ambapo hata paka hapendi kulala.

Doti moja ni kiasi gani?

Watu wakisikia nafasi ya mazoezi nyumbani wanaona vile vyumba vya kwenye simu, vioo ukuta mzima na mashine zinazong'aa. Hatudai hivyo. Tunadai doti moja.

Chukua doti ya kanga, ikate katikati kama kawaida. Kila kanga ina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa kama 110. Zitandike sakafuni ubavu kwa ubavu. Unapata mita 2 na kidogo kwa mita 1 na nusu. Hapo mtu anasimama akanyoosha mikono, analala chali, anapiga hatua mbele na nyuma, anachuchumaa na kuinuka. Inatosha. Sasa nenda sebuleni na doti yako, uitandike. Utaona kinachozuia ni meza ya katikati tu, ambayo kazi yake ni kushika maua ya plastiki.

Isogeze ukutani. Kisha upatengeneze mahali hapo kwa heshima ileile tunayompa mgeni. Haya ndiyo tuliyojifunza, mengine kwa kukosea.

Upepo kwanza. Hapa kwetu kinachomtoa mtu mazoezini ni joto. Dirisha moja halitoshi, upepo unataka pa kuingilia na pa kutokea. Fungua dirisha na dirisha au mlango ulioelekeana nalo. Wakati wa Kusi fungua upande wa kusini, wakati wa Kaskazi upande wa kaskazini. Feni iweke ubavuni, isikupige usoni.

Stara ya pili. Watu hufunga madirisha yote kwa kuogopa macho ya nje, kisha wanapikika. Sisi washonaji tunawaambia, shoneni pazia la nusu. Lianzie chini ya dirisha, lipite kichwa chako unaposimama, juu libaki wazi upepo upite. Tumia pamba nyepesi, yenye rangi. Na hapa muwe macho: pazia jepesi mchana linaficha, lakini usiku taa ikiwaka ndani linakuanika kama sinema. Kabla hujaliamini, mwambie mwenzio asimame nje jioni akuangalie. Kama unafanya mazoezi usiku, lipe pazia kitambaa cha pili kwa ndani. Na mlango uwe na komeo. Mtu hawezi kutulia huku anasikiliza nani atasukuma mlango.

Sakafu. Marumaru na jasho ni maadui, na soksi juu ya marumaru ndio kabisa. Mkeka wa ukili nao unakimbia chini ya mguu. Nunua mkeka wa mpira usioteleza, juu yake tandika kanga au taulo utakayoifua, kwani mkeka unaonuka jasho hauiti mtu. Godoro usilitumie kwa mazoezi ya kusimama, mguu unazama na kifundo kinageuka. Na msala wa kusalia uacheni kwa kazi yake.

Harufu na mwanga. Udi tunaupenda, lakini moshi wake wakati unahema kwa nguvu unakaba kifua. Fukiza baadaye, ukishaoga. Wakati wa mazoezi weka asumini kwenye kisahani. Pazia la mlango wa mbele lifunue kidogo, mwanga wa asubuhi uingie. Chumba cha giza kinaita usingizi.

Vitu viwe karibu. Shona mfuko kwa mabaki ya kitambaa, utie mkeka, taulo na chupa mbili za maji za lita 1 na nusu. Zikijaa, kila chupa ina uzito wa kilo 1 na nusu, ndio vyuma vyako vya kunyanyua. Mfuko uutundike nyuma ya mlango wa sebule. Ukiuweka juu ya kabati la chumbani umeshauzika. Kiti cha kushikilia kiwe cha mbao, kimeegemea ukuta, maana cha plastiki kinateleza.

Nguo nayo ni sehemu ya mahali. Satini na vitambaa vya nailoni vinashika joto. Vaa pamba, suruali pana na fulana, na sidiria inayoshika vizuri. Tumewashonea wateja wetu kadhaa na wote wanasema kitu kimoja: hawakujua kuwa nusu ya uchovu ilikuwa ya dera kuwazonga miguuni.

Kioo? Hapo sisi wawili tumetofautiana. Mmoja anasema kinamsaidia kuona kama mgongo umenyooka. Mwengine anasema asubuhi hana haja ya kujikosoa, amekitupia mtandio. Fanya linalokufanya urudi kesho.

Na kama mnakaa ghorofani, kama zile za Michenzani, msiruke. Aliye chini yako ni jirani na ana haki zake. Kutembea papo hapo, kuchuchumaa na kunyoosha viungo havimsumbui mtu.

Wanavyotujibu

Tukisema haya hatukosi majibu. Tuyachukue moja moja.

"Wageni watakaa wapi?" Watakaa palepale. Mkeka unakunjwa kwa dakika moja. Kanga mbili hazijawahi kuvunja nyumba ya mtu.

"Nyumba yenyewe chumba kimoja na ukumbi." Basi ni doti ya ukumbi. Au usiku kunja zulia, asubuhi tandua. Mwenye chumba kimoja mara nyingi hutushinda sisi wenye sebule, kwa kuwa yeye anakitumia chote.

"Kazi za nyumbani ni mazoezi tosha." Hili lina ukweli, hatulikatai. Anayeteka maji, anayefua kwa mkono na kutwanga, mwili wake unafanya kazi. Lakini tujiulize kwa haki: ni wangapi kati yetu tunatwanga bado? Wengi tunakaa. Tunakaa dukani, ofisini, kwenye charahani, kwenye simu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kumfanya ahemeheme, na siku mbili au zaidi za mazoezi ya kutia misuli nguvu. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Kufagia sebule ambayo hakuna aliyeichafua hakutufikishi huko.

"Kuna vikundi vya mazoezi, nendeni na wenzenu." Tunavipenda. Kila tarehe 1 Januari, siku ya mazoezi hapa Zanzibar, tunawaona dada zetu barabarani na ushungi wao na tunafurahi. Lakini si kila mwanamke anaweza kutoka saa kumi na moja alfajiri. Yuko mwenye mtoto mchanga. Yuko anayeuguza mzazi. Na yuko aliye edani. Mjane hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi. Tumewahi kumtembelea mmoja wa wateja wetu akiwa edani, kakaa chumba kimoja, miguu imekufa ganzi, sukari imempanda, na hakuna aliyewaza kumpa hata pa kutembeza miguu. Watu walimletea vyakula tu. Eda inamtaka akae nyumbani kwake. Haikumtaka asitikisike.

"Haya ni mambo ya kizungu." Hapa ndipo tunapokasirika khasa. Imepokelewa kwamba Bibi Aisha r.a. alishindana mbio na Mtume s.a.w. wakiwa safarini. Mara ya kwanza Bibi Aisha alishinda. Baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, Mtume s.a.w. akashinda yeye, akamtania kuwa wamelipana. Na katika baadhi ya mapokezi ya kisa hiki mna jambo ambalo wanaume wanaosoma hapa walitafakari: kabla ya mbio, aliwaambia watu watangulie mbele. Alianza kwa kumpatia mkewe nafasi yenye stara, ndipo wakakimbia. Hakumwambia akimbilie stoo. Tena tumefundishwa kuwa mwili una haki juu ya mwenyewe. Haki haitimizwi kwa kuipeleka karibu na gunia la mkaa.

Kwenu maharusi

Mabinti zetu, tunawapenda na nguo zenu tutazishona ziwakae. Ila kata-ndogo-nitapungua tumeichoka. Miaka yote hii tumejifunza kuacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono, kwa sababu wiki ya harusi tunafungua mishono zaidi ya tunavyobana. Binti kashinda na njaa mwezi mzima, kanywa machai yanayouzwa ya kupunguza tumbo, mwisho kaja kwetu macho yameingia ndani na kizunguzungu, na baada ya harusi mwili umerudi na ziada. Nguo inavaliwa saa chache. Magoti na mgongo utakaa nao mpaka uzee, inshaallah.

Kwa hiyo kaeni mkao mwengine. Mnapoandika orodha ya vyombo vya ndani, andikeni na mkeka wa mazoezi. Ni rahisi kuliko ile seti ya vikombe ambayo haitoki kabatini. Na kabla sofa halijaletwa, mwambie mwenzako kwa upole: "Mume wangu, hapa naomba pabaki wazi." Mwambie mapema. Sofa la watu saba likishaingia ni kama wifi mkubwa, halihamishiki. Chukueni la watu watano, wawili waliobaki watakaa chini kwenye zulia kama tulivyokaa siku zote na hakuna aliyekufa.

Kwenu mama zetu wenye funguo kwenye pindo za kanga: fungueni. Mlivitafuta vitu vile kwa jasho, vikibata na kuuza maandazi. Msivitunzie watu wanaokuja mara mbili kwa mwaka wakakuta mmeshachoka.

Na wenye presha, sukari, moyo, wajawazito na waliojifungua karibuni, muulizeni daktari au mkunga kwanza, muanze pole pole. Ukihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama, tafuta msaada.

Mama yetu? Plasta ilipotolewa alisema hatembei tena, uwani amekuoga. Sisi tukamwomba ufunguo. "Mnataka kuniaibisha?" alisema. Tukasogeza meza ya kioo, tukashona pazia la nusu, tukatandika. Wiki ya kwanza alikuwa anavua viatu mlangoni na kutembea kwa vidole kama yuko nyumba ya watu. Wiki ya pili akawasha feni. Wiki ya tatu akaja shangazi yetu bila taarifa, akamkuta katikati ya sebule ananyanyua chupa za maji. Tulidhani mama atafedheheka.

Shangazi aliitazama ile kanga chini, akavua baibui, akauliza: "Hapa wanaenea wawili?"

Wanaenea, tumepima. Sasa na wewe, kabla hujalala leo, nenda katandike doti yako uone meza ipi inahama.

Allah atupe afya na mwisho mwema. Wabillahi tawfiq.